Siku Niliyomfunika Papa

Kazi yangu ni kukodisha makumbusho ya mpira saa za jioni, na watu wakisikia hivyo wanacheka. Wanauliza, nani anataka kuolewa katikati ya viatu vya zamani? Wengi, nawajibu, wengi kuliko mnavyodhani. Hapa Lubumbashi ukumbi wenye paa lisilovuja, wenye ua wa magari na lango la kufungwa, haupatikani hivi hivi, na sisi tunao. Mchana wanakuja wanafunzi wachache na mwalimu wao, au mgeni mmoja anayesubiri ndege ya kesho. Jioni, kuanzia Alhamisi, ni ndoa, ubatizo, sherehe za diploma, na mara moja walikuja watu wa maombi waliotaka nitoe makombe yote kabatini kwa sababu kwao yalikuwa sanamu. Niliwaambia watoke wao.

Nasema hivyo ili mnijue. Mdomo wangu hauna breki. Marehemu mama alikuwa akisema nitafukuzwa kila mahali nitakapoajiriwa, lakini hapa nimedumu, kwa sababu kazi hii inahitaji mtu wa kufoka. Kuna wageni wanaoweka chupa za bia juu ya kioo cha kabati la jezi. Kuna bwana harusi aliyetaka kuvaa viatu vya winga wa kulia ili apigwe picha, viatu vyenye umri mkubwa kuliko baba yake. Kuna grupi la umeme, jenereta letu, linalozima katikati ya kukata keki. Wote hao wananijua.

Jumba lenyewe lilikuwa nyumba ya wachezaji wa timu ya kampuni, siku zile kampuni ilipokuwa na timu, na hospitali, na shule, na mfuko wa unga kwa kila baba wa familia. Wachezaji walivalia humo, walikula humo, waligombana humo. Kampuni ilipochoka, nyumba ilibaki, na watoto wa wachezaji wakakusanya kilichosalia: mipira ya ngozi iliyokauka, jezi zilizoliwa na nondo, makombe, glavu. Na kwenye ukuta wa mbele ziko picha kumi na moja za timu ambayo wazee wa mji huu bado wanaizungumza. Kila mchezaji na picha yake, kubwa, kutoka kifuani kwenda juu, ndani ya fremu ya chuma ambayo mafundi wa kampuni waliifunga ukutani kwa skrubu na sementi. Walifanya kazi ya kudumu, maana kuzitoa leo ni lazima uvunje ukuta. Watu wa mtaa wanaiita nyumba ya mupira.

Wa kwanza kushoto, mwenye shingo ndefu na masikio yaliyosimama, ni papa, baba yangu mzazi. Alikuwa kipa.

Desturi ya kufunika picha haikuanza na mimi. Ililetwa na mama mmoja wa Katuba aliyekuwa akimwoza binti yake kwetu. Alisimama mlangoni, akautazama ukuta, akauliza ni wangapi kati ya hawa walio hai. Nikamwambia saba. Akasema hao saba ni wageni wake, wabaki, wafurahi, lakini hawezi kumchezea binti yake ngoma mbele ya macho ya wale wanne. Mwenye kufa akitazama ndoa atatamani, akasema, na akitamani ataomba wa kumsindikiza. Sikumcheka. Hapa kwetu mambo hayo hayachekwi, hata na padri. Nikatafuta mashuka manne, nikawafunika wanne wale, na ndoa ikapita vizuri. Habari ikaenea. Tangu siku ile kila familia inayokodi kwa ndoa inaniuliza kwanza kama marehemu watafunikwa, kabla hata ya kuuliza habari za viti. Basi niliwashonea vitambaa vyeupe vyenye kamba, kila mmoja na chake.

Lakini kitambaa ni cha marehemu tu. Hilo nimelisema mpaka sauti imekauka. Mtu anayepumua hafunikwi uso, maana ni kumtoa duniani kabla ya siku yake, na hakuna familia iliyowahi kunibishia.

Miaka ilikwenda na vitambaa viliongezeka. Winga wa kushoto alifia Kipushi, kwa mwanawe. Mabeki wawili walifuatana mwezi mmoja. Kila nilipotoka makaburini nilipitia sokoni kununua meta moja na nusu ya kitambaa cheupe, mpaka mama muuzaji akiniona tu anaanza kunipa pole kabla sijasema neno. Mwisho walikuwa kumi waliofunikwa, akabaki papa peke yake, uso wazi, akiwatazama wanaocheza. Jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi. Alikuwa akiupita mstari wa wenzake na kuwatania, weye lala, na weye lala, miye nitakunywa bia yenu yote. Nilikuwa namkemea, naye anazidi.

Halafu akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka, sina haya kusema. Siku moja alirudi kutoka misa amevaa koti la mtu mwingine, jembamba, mikono imeishia kwenye viwiko, na sisi tukacheka mpaka tukalia. Siku nyingine aliniuliza mama yako amekwenda wapi. Mama alikuwa na miaka mitano kaburini. Nikamwambia ukweli, maana mimi ndiye wa ukweli, na papa akalia kama mtu aliyepata habari saa ile ile, akajipiga kifua, akauliza kwa nini hawakumwita aje kumzika. Kesho yake akauliza tena. Nikajifunza kusema mama amekwenda Mitwaba kuona watu wake. Akafurahi, akaniagiza nimwambie arudi na karanga.

Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huu unaanza kula habari za jana, unarudi nyuma pole pole, na mwisho unamfikia mtu mwenyewe. Nilimuuliza mwisho uko mbali kiasi gani. Akasema hajui, na nikamkasirikia kwa kutojua, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyeutuma.

Basi nikajitafutia dawa yangu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mdogo wangu wa kike, ambaye tunaishi naye, alikuwa anamleta papa kazini kwangu. Papa alikuwa anaupita mstari wake kutoka kulia, anawatania wenzake, anafika mwisho, anasimama mbele ya picha yake. "Ule ni miye," anasema. Halafu ananigeukia mimi. "Na weye uko mutoto yangu." Kila siku, kwa mpango ule ule. Nyumbani aliweza kunipita mlangoni akinidhani mpangaji, aliweza kunishukuru kwa bukari, ugali wa hapa kwetu, kama unavyomshukuru mama wa mgahawa. Lakini chini ya ile picha hakukosea hata mara moja. Kwanza alijipata yeye, kisha kutoka kwake akanipata mimi.

Sikuomba kingine. Nilimwambia mdogo wangu, siku papa atakapoacha kusema maneno yale mawili ndipo nitakuwa yatima, hata kama bado anakula kwangu. Mdogo wangu akaniambia nisiseme hivyo. Nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nije kwa yule mama. Alikuwa mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la jumla hapa mjini na malori yanayoshuka hadi Sakania, na alikuwa anamwoza kijana wake wa kwanza. Ningependa kusema alikuwa na kiburi, habari ingekuwa rahisi. Hakuwa nacho. Siku aliyokuja kuona ukumbi nilikuwa nimetoka kupiga sakafu nta, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nilipomweleza habari ya vitambaa alikubali mara moja, kwao pia wafu wana heshima yao. Nikamwonyesha jinsi tunavyofunga. Akaniuliza yule mmoja kwa nini anabaki wazi.

Nikamweleza kwamba yule yuko hai, na ni baba yangu. Akasema anamheshimu mzee, lakini niangalie mwenyewe kwa jicho la mgeni. Nyuso kumi zimefunikwa, moja iko wazi, na meza ya maharusi iko mbele yake. Kwenye kilio tunafanya nini? Tunaweka picha moja ya mwenye kufa mbele ya watu, kila anayeingia aione. Wageni wake watatoka mbali, watapiga picha, picha zitafika kwao Goma na Butembo usiku huo huo, na watu watapiga simu kuuliza ni kilio cha nani. Alitaka zote zifunikwe au zote ziachwe wazi. Na zote wazi haiwezekani, alisema, kwa sababu ya wale kumi.

Nilikataa. Nilikataa kwa sauti ambayo ilimtoa mkubwa wetu ofisini. Mkubwa wetu ni mtoto wa yule winga wa kulia, tulikua pamoja, na mimi namfokea kama wengine. Akanivuta pembeni. Akaniambia nisikilize bila kufungua mdomo, mara moja tu maishani mwangu. Mwenye kiwanja anataka kugeuza jumba hili ghala la sementi, akasema, na kinachomzuia ni hizi jioni. Familia ya yule mama ni kubwa, wana vijana wengi wa kuoa na wasichana wengi wa kuolewa. Wakitoka hapa wameridhika, tumepona. Wakitoka wamenuna, mafundi watakuja na nyundo kuvunja ukuta, na picha ya papa wako itaondoka na zingine. Ni saa chache tu. Jumapili asubuhi utaifunua, na mzee hatajua.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitamsingizia mtu. Mkubwa alisema, mama wa watu aliomba, lakini mkono uliokata kitambaa ni wangu. Nilijiambia naiokoa picha. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani, na nilipofika nilikuwa karibu kuamini.

Nilikishona Ijumaa mchana, kwenye cherehani ya mama. Papa alikuwa ameketi karibu nami, na kitambaa kilikuwa kinateleza, basi akanishikia ncha. Mikono yake ilikuwa bado mizuri, mikubwa, mikono ya kipa, haikutetemeka. Akauliza ni cha nani. Nikasema ni pazia. Akasema hilo pazia ni dogo. Nikamwambia dirisha lenyewe ni dogo. Akaridhika, akavuta kitambaa kikanyooka, na mimi nikapitisha sindano.

Jumamosi nilimwacha na mdogo wangu. Nikamwagiza kwamba leo papa hatoki, hata akinuna, hata akilia. Mdogo wangu si mzembe. Lakini maji yalikuwa hayajatoka siku mbili, na mchana ule yakarudi bombani, na mtaa mzima ukatoka na ndoo. Naye akatoka, hatua ishirini tu. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu na koti la misa halipo msumarini. Alinipigia simu mara sita. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, na vijana wa muziki walikuwa wanajaribu spika zao.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufunika. Wale kumi niliwafunika haraka, kama kila mara. Papa nilimwacha wa mwisho. Nilipanda ngazi nikawa uso kwa uso naye. Pale ana miaka ishirini na mitatu, anatabasamu nusu, mpiga picha alimwambia aache kucheka akashindwa. Nikamwambia, papa unisamehe, ni saa chache. Nikafunga kamba mafundo mawili.

Saa kumi na moja wageni walianza kushuka kwenye magari. Kina mama walikuwa wameshona kikwembe kimoja wote, kitenge cha sare cha rangi ya machungwa, na ua ulipendeza. Nilikuwa kwenye mlango mkubwa na orodha mkononi, nawaonyesha watu meza zao, nawakataza watoto kukimbia. Papa hakupita kwangu. Alipita mlango mdogo wa nyuma, ule uliokuwa wa wachezaji, aliouzoea miaka yake yote ya mpira. Hakuna aliyemzuia. Nani atamzuia mzee aliyevaa koti siku ya ndoa?

Nilipogeuka alikuwa tayari ndani, mbele ya ukuta, katikati ya viti vilivyofungwa utepe. Alikuwa ameanza mstari wake kutoka kulia. Anawajua kwa nafasi zao, kitambaa au hapana kitambaa. Aligusa fremu moja moja na kusema, weye lala, na weye lala, na wageni waliokuwa karibu walitabasamu, wakidhani ni babu wa upande wa bibi harusi. Nikaanza kwenda mbio. Meza zilikuwa zimebanana, nikagonga kiti, nikagonga mtu, na vile nilivyokuwa najipenyeza nilimwona anafika mwisho wa mstari.

Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, akahesabu upya kwa kidole kutoka kulia, akafika pale pale. Kidole kikabaki juu.

Nilimshika mkono. Hakugeuka kunitazama.

"Hapa njo kwangu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, papa, ni kwako, lakini hiki ni kitambaa tu, ni kwa ajili ya ndoa ya watu, twende nje nikueleze.

"Nilikufaka siku gani?"

Hakuuliza kwa woga. Aliiuliza siku ya kufa kwake kama mtu aliyekuwa safarini anayeuliza barua yake ilifika lini. Halafu akauliza, kwa adabu, kama bantu ba Mitwaba, wale watu wa mama, walipewa habari, na kama walipata gari la kuwaleta.

Nilipanda juu ya kiti cha harusi na viatu vyangu miguuni, nikakivuta kile kitambaa mpaka kamba zikakatika. Picha za Butembo hazikuwa na maana tena. Nikamwambia, angalia papa, huyu hapa, ni weye, uko muzima. Nikasubiri yale maneno mawili. Watu wote sasa walikuwa wametugeukia. Papa aliitazama picha muda mrefu. Halafu akavua kofia yake.

"Alikuwa kijana muzuri," akasema.

Alikuwa. Nilielewa pale pale, sikuhitaji daktari. Nikashuka kitini.

Yule mama alikuwa ameona yote. Alikuja moja kwa moja, na nguo zake za mama wa bwana harusi, akapiga magoti sakafuni mbele ya papa, mbele ya wageni wake, akamwomba radhi. Papa akamwinua. Akampa pole na yeye, akamuuliza kama ni wa familia ya marehemu. Yule mama akanitazama, akitaka nimwambie ajibu nini. Akasema ndiyo. Akawapungia mkono vijana wa muziki, wakanyamaza. Akamkalisha papa kwenye meza ya kwanza, akamletea bukari na kuku na sombe, majani ya muhogo, kwa mikono yake mwenyewe, akaketi naye. Watu wote wale waliingoja ndoa yao huku mzee mmoja anakula chakula cha kilio chake. Alikula vizuri. Aliisifu sombe. Ningempenda mtu yeyote ambaye angenikasirikia jioni ile, nipate wa kugombana naye, lakini kila mtu alikuwa mwema kwangu.

Nilimrudisha nyumbani kwa miguu kabla giza halijaingia. Njiani alinisimulia habari za marehemu. Alinieleza jinsi alivyozuia penalti mbili siku moja na kidole kimevunjika, na jinsi alivyokuwa mchoyo wa sigara. Vyote vilikuwa kweli. Mdogo wangu tulimkuta barabarani, analia, kikwembe kimelowa maji. Papa akamwambia asilie sana, marehemu ameshiba miaka.

Jumapili nilimpeleka asubuhi kabla ya misa. Picha ilikuwa wazi, nilikuwa nimeifuta vumbi. Papa akafika mwisho wa mstari, akavua kofia. Jumatatu vile vile. Nikaleta kioo kutoka nyumbani nikakishika pembeni ya picha, ili aone masikio ni yale yale, akamsalimia mzee aliyemwona ndani ya kioo na kumpisha apite. Nikafungua kabati, jambo ambalo mimi mwenyewe nalipigia watu kelele, nikatoa glavu zake nikamvalisha. Zilimkaa sawasawa. Akazivua, akazirudisha mahali pake, akaniambia vitu vya mwenye kufa havishikwi mpaka familia ikae kikao. Alinikemea kabisa, na alikuwa na haki.

Mdogo wangu alisema kosa ni lake, ni yale maji. Nikamjibu kwa ukali kwamba si maji. Nadhani nilikuwa sitaki aninyang'anye hata hilo kosa. Daktari alisema ugonjwa ungefika hapo kwa vyovyote, mwezi huu au mwezi mwingine. Namwamini, si mjinga mimi. Lakini huo mwezi mwingine ungekuwa wangu. Ningeingia kazini kila siku na kusikia ule ni miye, na weye uko mutoto yangu, siku thelathini zaidi, na nilizitoa mimi mwenyewe kwa meta moja na nusu ya kitambaa.

Jumba limepona, niseme ukweli. Familia ya yule mama ilirudi, kama mkubwa alivyosema, na jamaa zao, na majirani wa jamaa zao. Mwenye kiwanja ametulia, sementi imekwenda kwingine. Yule mama kila akipita ananitafuta, ananishika mikono. Mimi bado napokea wateja na bado nafokea wanaoweka chupa kwenye kioo. Ila vitambaa sivigusi tena. Mkubwa anapanda ngazi mwenyewe, na tumbo lake lile, anafunga kumi, na mteja anayetaka kumi na moja anaambiwa atafute ukumbi mwingine. Sasa wanakubali. Ajabu, sasa wote wanakubali.

Wiki iliyopita, Jumanne isiyokuwa na wageni, nilimaliza kupiga deki, nikaketi kwenye benchi mbele ya ukuta, na machozi yakaja. Sikuwa nimelia tangu siku ile, nilikuwa na hasira mno. Safari hii yalitoka na sauti. Papa alikuwa kwenye mstari wake. Aliponisikia akauacha, akaja akaketi kwenye benchi, si karibu sana, mahali anapoketi mwanamume aliyekuja kwenye kilio cha mtu asiyemjua vizuri. Akaacha nipumue. Halafu akaonyesha kwa kidevu picha ya kwanza kushoto.

"Ule alikuwa nani yako?"

Uongo wa Mitwaba ulinijia mdomoni, kwa mazoea. Nilikuwa nimechoka kumdanganya, na nilikuwa nimechoka kumwambia kweli.

"Ni papa yangu," nikasema.

Akatikisa kichwa pole pole. Akauchukua mkono wangu, akauweka katikati ya mikono yake miwili, akaubana, kama tunavyoshika mikono ya wafiwa.

"Pole, mutoto. Nilimujuaka muzuri. Alikuwa anasemaka juu yako kila siku."

Nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akatazama sakafu. Alikuwa anatafuta kwa moyo wote, nilimwona anatafuta, mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Nilisahau," akasema. "Unisamehe."

Nikamwambia si kitu, papa, aksanti ya kuja. Ndivyo tunavyomwambia kila mtu anayekuja kulia nasi. Akabaki ameushika mkono wangu mpaka saa ya kufunga.